Dodoma hadi Singida kwa mechi ya ugenini: soma ratiba ya ligi pamoja na ratiba ya mavuno

Ratiba ya Ligi Kuu ikitoka, shabiki wa Dodoma Jiji hukimbilia kutazama Simba wanakuja lini na Yanga wanakuja lini. Mwenye kupenda safari na kinywaji atafute kwanza mechi ya Singida, kisha aangalie imeangukia mwezi gani. Walima Zabibu (Dodoma Jiji) wakiwafuata Walima Alizeti (wa Singida) ni mechi ya jirani kwa jirani, kilomita 240 hivi za lami tupu, na njia nzima imezungukwa na mtama, uwele na mizinga ya nyuki. Lakini pombe ya kienyeji ya kanda hii inafuata mavuno, na ligi inaanza Agosti na kuisha Mei au Juni. Safari ileile inaweza kukupa vinywaji viwili ambavyo havifanani hata kidogo.

Mechi za lala salama, zile za mwisho wa msimu, ndizo bora. Uwele na mtama hupandwa mvua zikianza, kawaida Desemba, na kuvunwa kuanzia Mei hadi Julai. Mwishoni mwa Mei nafaka mpya imeshaanza kuingia ghalani, bei ya debe imeshuka, na mama anayepika pombe hana sababu ya kubania kimea, yaani nafaka iliyooteshwa. Februari na Machi mambo ni kinyume: ghala zimekwisha, debe la mtama ni chakula cha watoto, na hakuna mpishi mwenye akili atakayelitia kwenye pipa. Utakachokuta kilabuni (pale inapouzwa pombe ya kienyeji) miezi hiyo mara nyingi ni pumba za mahindi, sukari na hamira ya dukani. Inalewesha, sikatai, ila usirudi ukisema umeonja pombe ya kanda ya kati.

Mechi ikiangukia miezi hiyo ya njaa, geuza mpango: beba mvinyo. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, kwa hiyo kipindi kile ambacho mtama umeadimika ndicho Hombolo na Makutupora wanakata vichala. Agosti na Septemba una bahati ya vyote viwili, nafaka bado ipo na zabibu zipo. Kama ningepewa Bodi ya Ligi nipange mechi moja tu kwa mwaka, ningeiweka hapo. Bahati mbaya Bodi hupanga kwa mambo mengine, na hupangua pia, hasa Simba na Yanga wakiwa na mechi za CAF. Usilipe nyumba ya wageni kabla tarehe haijathibitishwa wiki ya mechi. Na thibitisha uwanja vilevile. Kwa miaka mingi mpira wa Singida ni Liti, ule ambao wengine bado wanauita Namfua, lakini timu za mkoa huo zimezoea kuhama na kubadili majina; Singida Fountain Gate iliyokuwa pale leo ni Fountain Gate na ilihamia Babati.

Gari na hesabu yake

Watu saba kwenye Noah ndiyo idadi inayofanya kazi: sita wanaokunywa na dereva mmoja asiyekunywa. Si "dereva atakayeonja kidogo". Asiyekunywa kabisa kuanzia Ijumaa usiku, na anayelipwa kwa hilo kwa kutochangia mafuta wala chakula. Noah ya cc 2000 ikiwa na watu saba na kiyoyozi huenda kilomita 9 hadi 10 kwa lita kwenye barabara kuu. Kwenda, kurudi na mizunguko ya mjini ni kama kilomita 510, kwa hiyo weka lita 57 kwenye hesabu, zidisha kwa bei kikomo ya mafuta ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, ya mwezi huo, gawanya kwa sita. Bei hubadilika Jumatano ya kwanza ya mwezi, hivyo mchango uliopangwa mwezi uliopita unaweza usitoshe. Jaza tangi Dodoma.

Mkizidi kumi na mbili mtataka Coaster, na hapo mambo yanaongezeka. Gari la abiria lenye leseni ya njia fulani haliruhusiwi kuchepuka tu kupeleka mashabiki mkoa mwingine. Mwenye gari aombe kibali cha muda LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kabla ya siku ya safari, na nakala ikae ndani ya gari. Msipofanya hivyo mtasimamishwa na askari wa kwanza mwenye muda wa kutosha. Coaster pia itapita mizani ya Nala pale mnapotoka Dodoma, jambo ambalo Noah hailijui. Na mwendo wake unaishia kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo ongeza saa moja kwenye muda wote nitakaoutaja hapa chini.

Kabla ya kuondoka kagua tairi asubuhi kabla hazijapata moto, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva. Abiria saba na mizigo kwenye tairi lenye upepo mdogo, lami ya saa sita mchana, ndivyo matairi yanavyopasuka Kintinku. Tairi la akiba liwe na upepo pia. Wengi hulikumbuka siku linapohitajika. Jeki, spana ya magurudumu, pembetatu mbili za kuakisi mwanga, kizimamoto ambacho hakijapitwa na muda, stika ya bima.

Njia

Kwa mechi ya saa 10 jioni, toka Dodoma saa 1 asubuhi. Ukiendesha kwa adabu utafika Singida kati ya saa 5 na saa 5 na nusu, ukihesabu na kusimama Manyoni. Sehemu ya kwanza ni kushuka: kutoka mita 1,100 na ushee za Dodoma hadi bonde la Bahi, tambarare yenye mpunga upande mmoja na uwanda unaong'aa chumvi upande mwingine. Barabara imenyooka, macho yanalala, mguu unazama kwenye mafuta. Ndiyo maana askari wenye tochi wanapenda huku. Kibao cha 50 kinaanza kabla ya nyumba ya kwanza ya kijiji na hakiishi mpaka uone kibao cha kufuta. Kosa la kawaida ni kukanyaga mafuta nyumba zinapokwisha, wakati kibao cha kufuta bado kiko mita 300 mbele. Ng'ombe nao hawajui ratiba ya mechi.

Baada ya Kintinku unaukuta ukingo wa Saranda, ambako barabara inapanda kutoka bondeni hadi uwanda wa Manyoni. Hii ni njia ya malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na lori lenye kontena likipanda pale linatembea kama mtu anayekwenda kisimani. Mstari ukiwa mweupe usiokatika, kaa nyuma yake. Utapoteza dakika kumi. Kurudi ndiko kwenye hatari zaidi: unashuka, gari lina uzito wa watu saba na vitu vyote mlivyonunua, na dereva mchovu anakanyaga breki mfululizo mpaka zinachemka na pedali inakuwa laini. Ingiza gia ya chini kabla mteremko haujaanza, acha injini ishike gari, breki uzitumie kwa kugusa na kuachia. Magari mengi ya otomatiki yana "L" na "2" kwenye gia kwa kazi hiyohiyo.

Manyoni ni kama kilomita 125, nusu ya safari. Simama nusu saa, kula. Kutoka hapo hadi Singida kupitia Ikungi ni uwanda, barabara nzuri, upepo. Upepo wa Singida si maneno ya wimbo. Usiku wa Juni mwenye fulana ya timu pekee atatetemeka.

Uwanjani, kwa ufupi

Kama tiketi zinauzwa kwa N-Card, kadi ya kielektroniki ya malipo, kila mtu awe na kadi yake yenye salio kabla ya kuondoka Dodoma, kwa sababu karibu na lango mtandao hulemewa na foleni ya wanaoweka fedha ni ndefu kuliko ya kuingia. Kwa mechi ya saa 10 kaa upande wa magharibi, jua likuangukie mgongoni. Ukikaa mashariki utatazama kipindi cha pili kwa kiganja cha mkono. Chupa za vioo na pombe haviingii. Jezi ya ugenini haina shida Singida, utani ni mwingi na mikono ni michache, lakini mkishinda ugomvi wa maneno uishie getini.

Saa ya mechi ndiyo inayoamua saa ya kilabu

Hapa ndipo safari nyingi za namna hii zinapoharibika. Watu wanaichukulia pombe ya kienyeji kama bia ya kwenye friji, kwamba itakusubiri. Haikusubiri. Pombe ya nafaka inanywewa ikiwa bado inachemka yenyewe, na ina saa zake chache nzuri: kabla ya hapo ni changa, baada ya hapo imepitiliza. Mpishi wa kilabu kwa kawaida huipanga ifike utamu wake alasiri. Kama mechi ni saa 8 mchana, nendeni kilabuni moja kwa moja kutoka uwanjani na mtaikuta vizuri. Kama ni saa 1 usiku, kilabu ni saa 9 hadi saa 11, kisha chakula, kisha uwanjani. Mechi ya saa 10 ndiyo ngumu, inakaa katikati kabisa. Ushauri wangu ni kuonja kabla: fikeni saa 5 na nusu, kuleni kwanza, saa 7 mkae kilabuni na kila mtu achukue nusu lita, basi. Watakaosema "tutakuja baada ya mechi" watafika saa 12 na nusu jioni na kukuta kilichobaki chini ya pipa.

Na usitegemee kuibahatisha. Mpishi hapiki kila siku, na akina mama wa mtaa mmoja hupokezana. Tafuta mwenyeji, au mwulize bodaboda wa makamo (vijana watakupeleka baa), upate namba ya mpishi, umpigie Jumatano. Mazungumzo ni mafupi:

"Shikamoo mama. Jumamosi utakuwa nayo?"

"Marahaba. Ninatia kimea cha pili Ijumaa. Njooni saa nane."

Jibu la namna hiyo linakuambia mambo mawili. Kwanza, anatumia kimea. Pili, anajua siku yake. Ukijibiwa "ipo muda wote, njoo tu", hiyo ni ya hamira na sukari.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Mtama mwekundu au uwele unalowekwa usiku kucha, unachujwa maji, unatandazwa juu ya gunia bichi na kufunikwa. Siku ya tatu mizizi imeshikana kama mkeka. Siku ya nne au ya tano machipukizi yana urefu wa sentimita mbili hivi. Unaanikwa juani mpaka ukauke kabisa, unasagwa. Hicho ndicho kimea, na kikikauka vizuri kinakaa wiki nyingi. Kikianikwa siku za mawingu kinaota ukungu wa kijani au mweusi, na mpishi mwaminifu anakimwaga, kwa sababu ukungu ule una sumu ambayo kupika hakuiondoi.

Kisha unapikwa uji mzito wa unga wa mahindi au uwele, unaachwa upoe hadi lile joto la kuchovya kidole na kukitoa haraka, ndipo kimea kinatiwa. Kikitiwa uji unachemka, kinaungua na nguvu yake ya kugeuza wanga kuwa sukari inakufa. Kikitiwa uji umepoa mno, kazi inakwenda pole na uchachu unatangulia utamu. Ukipata nafasi ya kuwa jikoni wakati huo, simama utazame. Mwiko ulikuwa umesimama wima kwenye uji. Mama anakoroga, anakoroga, na ndani ya saa moja ule uji unalegea wenyewe, unakuwa wa kumiminika, na ukilamba unaukuta mtamu bila punje ya sukari. Hakuna kilichoongezwa isipokuwa nafaka iliyoota. Unaachwa ulale uchachuke kidogo, unapikwa tena, unapozwa, unatiwa kimea cha pili ambacho hakipikwi, na hicho ndicho kinacholeta chachu ya kuleta ulevi. Baada ya siku moja, siku ya baridi moja na nusu, unachujwa. Machicha wanapewa nguruwe. Wagogo wanaiita ujimbi. Singida utasikia mtukuru.

Ukipewa, imimine kwenye kikombe cheupe uitazame. Ya mtama mwekundu huwa na rangi ya udongo wenye wekundu kidogo, ya uwele ina kijivu. Mapovu madogo yanapanda mfululizo kutoka chini: iko hai. Harufu ni ya uji uliochachuka, na uchachu wake ni wa mtindi, unaopita. Ukipata harufu ya siki inayopanda puani, imepigwa na hewa na kilevi chake kimeanza kugeuka siki. Haitakuua, ila haina raha, na mpishi mwenye heshima atakuambia mwenyewe. Ikiwa tamu sana na nzito, ni changa. Ukinywa lita yake itaendelea na kazi tumboni mwako wakati wa kipindi cha kwanza. Ikiwa nyepesi kama maji ya mchele, tamu, na ina harufu ya mkate, ni hamira na sukari. Na ikiwa inachoma koo, weka chini. Pombe ya nafaka haichomi, ina nguvu ya asilimia 2 hadi 4 tu. Kinachochoma ni gongo iliyoongezwa, na gongo hairuhusiwi kisheria, wala hujui kilichopikwa ndani yake.

Vyombo navyo vitazame. Pipa la plastiki lililokuja na dawa za viwandani halisafishiki. Pipa la bati lililopakwa zinki ni baya kwa sababu nyingine: pombe hii ina asidi, asidi inayeyusha zinki, na mnywaji anaishia kutapika akidhani amelewa. Sufuria kubwa, mtungi, ndoo safi ya plastiki ya chakula, hivyo ni sawa. Njoo na kikombe chako. Kata ya kunywea inayozunguka ni desturi nzuri kwa wanaojuana, lakini wageni saba kutoka mkoa mwingine wakati wa kipindupindu hawana haja nayo, na hakuna atakayekasirika ukimwambia mama akumiminie chako. Yeye mwenyewe ataonja kwanza mbele yenu, msubirini aonje. Salimieni wazee walioketi kabla ya kuagiza, na lita ya kwanza mnayonunua iende kwao. Hilo ndilo linalofungua mazungumzo, na mazungumzo ndiyo yanayokuambia ni mama yupi atakuwa nayo kesho.

Wanzuki

Ukanda wa Manyoni, Itigi na kuendelea Tabora ni wa asali, na pombe ya asali ndiyo wanzuki. Kimsingi ni asali sehemu moja kwa maji matatu au manne, chachu, na siku kadhaa za kusubiri. Iliyo halali ina rangi ya chai ya rangi iliyopauka, harufu ya nta, na utamu unaoishia na ukavu mdogo ulimini. Shida ni bei. Lita moja ya asali leo ina soko la uhakika mjini, kwa hiyo wanzuki nyingi ya barabarani ni sukari iliyochomwa kidogo kupata rangi, au asali kijiko kimoja kwa ndoo nzima. Njia ya kupima ni kuinusa ikiwa kikombeni imebaki tone tu: ya asali inaacha harufu ya maua hata baada ya kukauka, ya sukari haiachi kitu.

Nguvu yake inatofautiana mno kati ya mpishi na mpishi, na utamu unaificha. Ichukulie kuwa kali kuliko bia ya Safari mpaka uone vinginevyo. Glasi moja ndogo, mwisho wa jioni, baada ya chakula. Wanaoanza nayo mchana hawaoni goli.

Bia na hesabu ya asubuhi

Usiku hamia bia za chupa, au mvinyo mliobeba. Mpangilio wa kuonja uwe kutoka nyepesi kwenda kali, na wa uchachu kabla ya uchungu: ukishakunywa lager yenye hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), pombe ya mtama itakuwa kama maji machafu mdomoni. Kuku wa Singida aje mapema kwenye meza hiyo, awe wa kienyeji kweli, na kumbuka wa kienyeji anahitaji saa moja na zaidi jikoni. Agiza ukiwa njiani kutoka uwanjani.

Sasa ile hesabu ambayo ningependa kila dereva aijue. Safari ya mililita 500 yenye asilimia 5.5 ina kama gramu 22 za kilevi. Serengeti ya 4.8 ina 19, Kilimanjaro ya 4.5 ina 18. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina 71. Nusu lita ya pombe ya mtama ya asilimia 3 ina 12. Mwili wa mtu mzima wa wastani unaondoa gramu 7 hadi 8 kwa saa, na hakuna kahawa, supu wala maji ya baridi yanayoongeza kasi hiyo. Aliyekunywa Safari tano kuanzia saa 1 usiku ana gramu 110, na damu yake itakuwa safi kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, hata kama alilala fofofo na kuamka akijisikia mzima. Kwa hiyo kama kuna wa kumpokea dereva njiani, achaguliwe Jumamosi jioni na aishie chupa mbili. Kuondoka saa 4 asubuhi Jumapili kunatosha. Mtakuwa Dodoma kabla ya saa 9 alasiri. Kuondoka usiku baada ya mechi, na malori yale na Saranda ile, siwezi kukushauri.

Kubeba mzigo wa kurudi

Kila safari kuna anayetaka kupeleka dumu la pombe nyumbani. Inawezekana, ila pombe hai inatoa gesi, na gari lenye joto linaiharakisha. Dumu la lita 20 lililojazwa pomoni na kufungwa kwa nguvu litavimba kabla ya Manyoni na kufungua mfuniko wenyewe kwenye matuta ya kijiji kinachofuata, na harufu ya mtama uliochachuka kwenye zulia la gari haitoki kwa sabuni ya kawaida. Weka lita 14 au 15 tu, legeza mfuniko nusu zamu, dumu likae wima ndani ya beseni, nyuma, kwenye kivuli. Inywewe jioni hiyohiyo. Wanzuki inavumilia zaidi kidogo, lakini nayo isifungwe kwa nguvu. Mkisimamishwa na askari mkiwa na pombe ya kienyeji, lita tano za kunywa wenyewe zinaeleweka. Madumu matano yanaonekana biashara.

Kitu cha maana zaidi cha kubeba ni kimea kilichokaushwa, kilo mbili kwenye mfuko wa karatasi. Hakimwagiki, hakivimbi, na mama yeyote anayejua kazi pale Dodoma atakufanyia nacho ndoo moja.

Kuku wawekwe kwenye tenga lenye nafasi, wasizidi wanaoweza kusimama wote kwa wakati mmoja, na wasifungiwe buti. Asali nunua iliyofungwa na kikundi cha wafugaji nyuki yenye lebo, si chupa ya maji isiyo na jina kando ya barabara; majaribio ya kiberiti na karatasi yanayosifiwa mitandaoni hayatofautishi asali na sukari iliyopikwa vizuri.

Kwa wanaouliza kuhusu viwanja vingine: Babati kupitia Kondoa barabara yote ni lami na umbali ni kama huu wa Singida, ila njiani vilabu ni vichache hadi uingie Manyara. Tabora, kwenye Ali Hassan Mwinyi, unaachana na barabara hii Manyoni na kushika njia ya Itigi. Wanzuki ya huko ina jina kubwa kuliko ya Singida, lakini kwenda na kurudi kunahitaji Ijumaa na Jumatatu za likizo na madereva wawili.